Mahali pa Kukaukia

Katikati ya kiti cha pikapu ya baba pana chuma kinachochoma makalio, na mimi ndiye niliyekikalia kutoka Windhoek hadi kusini kote na kurudi, kwa sababu baba yangu na shangazi yangu hawawezi kukaa bega kwa bega. Hawajagombana. Wanapendana mno, na hapo ndipo shida inapoanzia. Walilelewa na bibi yao, mwanamke wa Kinama wa zamani, asiyecheka ovyo, na yeye aliwafundisha kwamba mvulana akishaota ndevu hasemi na dada yake ana kwa ana. Hamtanii, hakai naye wawili peke yao chumbani, na akiwa na neno lake analipitisha kwa mtu wa tatu. Dada ni wa kuheshimiwa. Watu wengi wa kwetu wameshayaacha hayo. Hawa wawili, thubutu! Na mtu wa tatu ni mimi, Salfina, tangu nilipojua kusema.

Basi safari nzima ilikuwa hivi.

"Mwambie dada yangu afunge dirisha, vumbi linaingia," anasema baba, mikono kwenye usukani.

Shangazi yuko pale pale kushoto kwangu, na masikio yake mazima.

"Mwambie kaka yangu vumbi halijaua mtu."

"Baba, vumbi halijaua mtu."

"Nimesikia."

Haya, kama umesikia mimi nipo hapa kwa kazi gani? Lakini ndivyo nilivyolelewa, na makalio yangu yanajua.

Safari ile ilikuwa ya kumtafutia Shangazi Fredrika mji wa kuhamia. Wengine husema alichanganyikiwa baada ya kustaafu. Waseme. Wao hawakuwahi kuingia pale alipofanya kazi, na mimi niliingia. Alikuwa dobi wa hospitali, yaani mashuka ya wagonjwa, mapazia, mavazi ya madaktari, yote yalipita mikononi mwake tangu akiwa msichana. Chumba chenyewe kilikuwa chini ya ardhi, hakina dirisha, na mvuke ulijaa humo mpaka ukimwita mtu hujui yuko wapi. Vidole vyake vilikuwa vimejikunja siku zote kama vya mtu aliyetoka kuoga sasa hivi. Kifua chake kilikoroma na kikohozi hakikumwacha. Jioni alirudi mtaani Katutura kwenye nyumba yake, nayo ilijaa mwanawe Gerson, mke wa Gerson, watoto wa Gerson, na nguo zao chafu zikimsubiri kwenye beseni. Maana akina Gerson walisema, mama anajua kufua.

Siku ya kuagwa kazini walimpa saa ya ukutani na keki. Keki aliwaachia wenzake. Saa aliibeba mpaka kwetu Groot Aub, akaitundika zizini juu ya mlango, akasema mbuzi ndio wanaotaka kujua saa. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Salfina, mwambie baba yako nahama."

Baba alikuwa amemshika mbuzi mguu, anampunguza kwato. Hakuinua kichwa.

"Muulize anahamia wapi."

"Jangwani. Mji mdogo. Sijaujua bado, nitauchagua mwenyewe."

"Muulize kuna msiba gani huko."

"Hakuna msiba. Mwambie nimekula mvuke maisha yangu yote. Sasa nataka kukauka."

Baba alicheka mpaka mbuzi akamponyoka. Alipoona anacheka peke yake, akaenda kumkamata mbuzi. Habari zikaenea kwa ndugu, na kila mmoja akaja na lake. Gerson akauliza nani atabaki na watoto. Shangazi akamjibu kwamba alipowatazama mara ya mwisho walikuwa na mama. Mwingine akamwambia, "Lakini shangazi, vijana wote wanatoka huko jangwani wanakuja mjini, wewe ndio unaingia?" Akajibu, "Ndiyo maana pana nafasi." Hakuna aliyemshinda kwa maneno, na walipoona hivyo wakaanza kumwonea huruma, jambo ambalo lilimkera kuliko kelele zao zote.

Baba, Lebrecht wangu mjanja, ndiye aliyebadili mbinu. Akasema sawa, atampeleka mwenyewe akachague. Mimi namjua. Alikuwa na mji wake tayari kichwani, na rafiki yake mchungaji alishasafisha chumba cha uani.

Mji huo wa mchungaji ulikuwa na lami, zahanati mbili, na duka kubwa lenye milango inayofunguka yenyewe. Baba aliuzunguka pole pole kama mtu anayeuza. Shangazi alishuka, akanusa hewa, akamsimamisha mwanamke mmoja barabarani akamuuliza, "Huku mnaanika wapi?" Mwanamke akamwonyesha uani, kamba zimebanwa kati ya kuta mbili, kivulini.

"Mwambie kaka yangu hii ni Windhoek iliyopungua. Twende."

Wa pili ulikuwa kando ya mto wenye bwawa, mitende imesimama, nyasi kijani kibichi. Baba alisimamisha gari akapumua kwa raha.

"Mwambie dada yangu atazame majani hayo."

"Mwambie nimeyaona. Na mbu nimewaona. Hapa nguo zitaoza kwenye kamba."

Baba akapiga usukani. "Basi muulize anataka nini! Mtu anahama kwa sababu ya kamba ya nguo?"

"Mwambie ndiyo," akasema shangazi. "Na mbele pale kuna njia panda. Akate kulia."

Hakuna aliyekuwa amepanga Harubis. Kibao chenyewe kilikuwa kimelala kifudifudi. Baba alikata kulia kwa hasira, na tukaenda muda mrefu bila kuona kitu zaidi ya mawe na reli, mpaka ukatokea mji kama uliosahauliwa na aliyeubeba. Kanisa moja, shule moja, stesheni ambayo treni huipita bila hata kupunguza mwendo, na nyumba chache za bati zilizogeuzia upepo migongo. Mbele ya duka alikaa mwanamke mnene aliyejaza benchi zima. Ndiye Dorkas Rooi, mwenye duka, na ulimi anao.

"Mmepotea?" akauliza.

"Tumefika," akajibu shangazi.

Dorkas akamtazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu. "Mama, huku watu tunazaliwa na tunazikwa. Katikati tunakwenda kutafuta maisha. Wewe naona umekosea zamu."

"Kuzaliwa nilizaliwa kwingine, na maisha nimeshayatafuta. Kilichobaki ni hicho cha mwisho, nacho sina haraka nacho."

Dorkas akaangua kicheko, benchi likalia. Akasogea kidogo ili mgeni akae. Shangazi hakukaa. Akaomba beseni na maji.

"Maji yetu ya kisima yana chumvi. Sabuni itagoma."

"Mimi na sabuni tunajuana."

Akavua kitambaa chake cha kichwa pale pale, akakifua, akakikamua, akakitandaza kwenye waya wa uzio juani. Tukaletewa chai ya maziwa, nzito, na mkate uliookwa majivuni bado una moto. Sikuwa nimemaliza kikombe changu shangazi alipoinuka kwenda kukitazama. Kilikuwa kimekauka, kimesimama chenyewe kama karatasi. Akakishika kwa mikono miwili, akakisukumia usoni, akabaki hivyo.

Nilidhani vumbi limemwingia machoni. Nilipomfikia nikaona mabega yanatikisika. Shangazi yangu, ambaye kwenye maziko ya mumewe ndiye aliyewanyamazisha wengine, alikuwa analia kama mtoto.

"Hakinuki, Salfina," akasema. "Nusa. Hakinuki dawa, hakinuki mgonjwa, hakinuki kitu."

Nikanusa. Kweli, hakikunuka kitu. Nami machozi yakanitoka, sijui hata kwa nini, labda kwa hasira ya miaka yote ile chini ya ardhi. Na hapo nikagundua kwamba tangu tushuke garini hakuwa amekohoa.

Nyumba ilipatikana kabla ya chai kuisha. Kaka yake Dorkas, marehemu, alikuwa na vyumba viwili karibu na stesheni, paa zima, mlango hakuna. Dorkas akasema aingie tu, nyumba isiyo na mtu huliwa na upepo. Shangazi akaenda kusimama katikati ya chumba kitupu, mikono kiunoni, anatabasamu na kuta. Baba alibaki nje, maana ndani wangekuwa wawili peke yao.

"Mwambie dada yangu hapa hakuna hospitali!" akapaza sauti.

"Mwambie kaka yangu nimetoka hospitali. Sina hamu nayo."

"Mwambie upepo huu utampofusha!"

"Mwambie nitafumba macho."

"Mwambie hana ndugu hapa!"

Shangazi alitoka, akampita baba kwa mbali kama ilivyo adabu, akapanda garini. Nilimwona baba usoni, na sikupenda nilichokiona. Alikuwa ameogopa.

Sasa sikilizeni alichofanya. Jumapili iliyofuata mtoto wa binamu yetu alipata kipaimara, na ukoo mzima ukakusanyika kwetu Groot Aub, akina mama wamevaa magauni yao ya viraka vya rangi, vazi la heshima la Kinama, nyama iko motoni. Baba ni mzee wa kanisa, akisimama watu hunyamaza. Akasimama. Akavua kofia. Akasema, "Naapa kwa dada yangu Fredrika. Fredrika hatahamia Harubis."

Kwetu mwanamume akitaka kuaminiwa haapi kwa kitu kingine chochote. Huapa kwa dada yake mkubwa, na akishaapa hivyo hakuna aliye juu zaidi wa kuapiwa. Kiapo hicho hakichezewi. Lakini kuapa kwa dada yako ili umzuie dada yako mwenyewe? Ala! Mama mmoja mkubwa wa ukoo alishika mdomo. Akina Gerson wao walianza kutabasamu, kwa sababu waliielewa hesabu haraka: shangazi akihama, kaka yake amekuwa mwongo mbele ya ukoo wote, hatasimama tena mbele ya kanisa kuanzisha wimbo. Na dada gani atamvua kaka yake nguo hadharani?

Watu wote wakamgeukia shangazi. Alikuwa na kikombe mkononi. Akanywa chai yake mpaka chini, akakiweka kikombe, akaniambia, "Salfina, mwambie baba yako nyama inaungua," akaondoka.

Nilimfuata baba zizini. "Baba, umemfunga mtu mzima kama mbuzi!"

"Chunga mdomo wako."

"Siuchungi! Umeutumia mdomo huu maisha yangu yote, leo utausikia. Kwa nini umemfanyia vile?"

Alikaa juu ya ile ndoo. "Atakufa peke yake kule," akasema. Halafu, kwa sauti ndogo, "Na mimi je? Mama yako hayupo. Yeye akienda, nitakaa nikimheshimu nani?"

Nilimhurumia. Na nilikuwa bado nimekasirika.

Ndugu wakaanza kuongea kana kwamba jambo limekwisha. Gerson akaleta mashine ya kufulia ya mtumba, akaisimika uani kwa mama yake, eti zawadi. Mvua ikanyesha, nyasi zikaota, na shangazi hakusema neno juu ya Harubis. Nilikwenda Katutura kumwona. Nilimkuta ameketi mlangoni akishona kiraka kipya kwenye gauni lake la heshima, na ile mashine nyuma yake ameigeuza banda la kuku.

"Shangazi, umekata tamaa?"

"Nani kakwambia?"

"Sasa unangoja nini?"

"Nangoja mbuzi wa baba yako wanenepe," akasema, akauma uzi.

Nikadhani utani. Nilikuwa mjinga, na baba naye alikuwa mjinga pamoja nami, mtu mzima mwenye mvi zake.

Shangazi akaja asubuhi moja na lori la kukodi, kitanda chake juu, magodoro juu, beseni juu kabisa. Gauni la viraka limepigwa pasi likakaa. Kichwani kile kitambaa. Hakuingia nyumbani, alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa zizi, chini ya saa yake, akasimama hapo na fimbo. Majirani wakaona lori, wakasogea. Baba akatoka na kikombe cha chai mkononi.

"Salfina!" Shangazi aliita kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, na mimi nilikuwa karibu naye kabisa. "Mwambie baba yako leo nahamia Harubis. Aliapa kwa jina langu kwamba sitahama, na mimi nimeshapakia. Kwa hiyo jina langu amelitumia vibaya. Nimekuja kuchukua changu."

Nikageuka kumwambia, lakini uso wa baba ulishabadilika. Alikuwa amekumbuka. Bibi yao aliwafundisha sheria nzima, na yeye alikuwa ameikariri nusu inayompendeza. Nusu nyingine ni hii: kaka akiapa kwa dada yake na kiapo kikawa uongo, dada huingia zizini kwa kaka na kuchukua wanyama walio bora, anaowataka yeye, na hakuna wa kumzuia, si mume, si mchungaji, si polisi. Yule mama mkubwa wa ukoo, ambaye sijui nani alimwita, akaanza kupiga makofi pole pole.

Gerson, aliyekuja mbio nyuma ya lori, akapaza sauti, "Mama, huo ni wizi!"

"Kaa kimya wewe," akasema baba. Akaushusha ule mkono wenye kikombe, chai ikamwagika, na kwa mkono mwingine akamfungulia dada yake mlango wa zizi.

Shangazi akaingia. Hakuwa na haraka. Alimpapasa huyu mgongo, akamfungua yule mdomo kutazama meno. Akamtoa jike mwekundu mwenye mapacha. Akamtoa jike mweusi anayekamuliwa maziwa ya chai yetu, hapo mimi mwenyewe nikaguna. Akatoa wengine. Halafu akasimama mbele ya Jenerali, beberu wa baba mwenye mabaka, ambaye baba humpigia mluzi kila asubuhi kabla hajanisalimu mimi.

"Si beberu!" jirani mmoja akapiga kelele.

"Hata beberu," akasema shangazi, akamshika pembe.

Mbuzi walipokwisha kupakiwa, akapanda kwenye kizingiti cha zizi ili wote wamwone. Hakutafuta mtu wa tatu, maana sasa alikuwa anasema na dunia.

"Sikilizeni. Kaka yangu alikosea na amelipa, tena amelipa vizuri. Deni limekwisha. Jumapili atasimama kanisani aanzishe wimbo kama kawaida. Atakayemwita mwongo kuanzia leo, ajue mimi ananiita mwizi. Aje Harubis tuzungumze. Na wewe Gerson, nguo zako zipo kwenye beseni la bluu. Maji ni yale yale."

Nilicheka mpaka nikashika uzio. Nyumba ya mwanamke huyu ilikuwa haina mlango, maji yake yana chumvi, na sijawahi kumwona mtu tajiri kama yeye asubuhi ile.

Siku hizi baba huenda Harubis kila akipata mafuta ya gari, eti kumtazama Jenerali kama anakula. Dorkas humwekea benchi nje, shangazi hukaa ndani karibu na dirisha, na mimi nakaa mlangoni katikati yao nikipeleka na kurudisha. Mlango wenyewe baba ndiye aliyeupeleka. Lakini hayo yalikuja baadaye.

Asubuhi ile dereva aliwasha lori. Shangazi alikuwa ameweka mguu mmoja juu, mkono umeshika mlango. Baba alisogea. Alisogea zaidi ya inavyoruhusiwa, na mimi nikafungua mdomo tayari kupokea neno, kama nilivyozoea. Hakunitazama.

"Fredrika," akasema.

Tangu nizaliwe sikuwahi kusikia jina lile likitoka kinywani mwake kwenda kwake. Sidhani hata yeye alikumbuka lina ladha gani.

"Fredrika. Kule ni kukavu. Unywe maji."

Shangazi hakugeuka. Niliona vidole vile vilivyojikunja vimekaza kwenye mlango wa lori.

"Salfina," akaita, na sauti yake haikutoka vizuri, "mwambie kaka yangu nimesikia."

Nikamgeukia baba. Alikuwa karibu nasi mno, machozi yanamtiririka wazi mbele ya majirani, na kikombe kitupu bado kinaning'inia kidoleni.

"Baba," nikasema, "amesikia."